Barua ya Wazi: Wekeni Ukomo wa Chumvi Kiwandani

Kwa: Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS).
Nakala: Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, wenye viwanda vya vyakula, waoka mikate.

Waheshimiwa,

Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya utumishi wangu imepita katika kliniki ya presha na kisukari. Nawaandikia nyote watatu katika karatasi moja kwa sababu jambo ninalolileta linagusa ofisi zenu zote, na kwa jinsi ninavyoliona mimi limeangukia katikati yenu bila wa kuliokota. Wizara ya Afya ndiyo inayopokea wagonjwa wa kiharusi. Usimamizi wa usalama wa chakula uko TBS tangu mwaka 2019, ulipohamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), na TBS iko chini ya Wizara ya Viwanda na Biashara. Anayeuguza hana mamlaka juu ya mkate, na mwenye mamlaka juu ya mkate hauguzi mtu.

Ombi langu ni kwamba nchi hii iweke ukomo wa lazima wa chumvi katika vyakula vya viwandani vinavyoliwa sana na watu wa kawaida, uwe na tarehe, uwe na ukaguzi. Sababu zangu ni hizi.

1. Mgonjwa ameshaambiwa vya kutosha.

Siku ya kliniki mabenchi hujaa kabla jua halijapanda, kila mtu na daftari lake mkononi. Tunapima, tunaandika namba mbili, na chini yake karibu kila daftari lina maneno yaleyale: punguza chumvi. Mama wa makamo ananijibu, "Sista, chumvi mbichi niliacha zamani," naye anasema kweli. Kwa imani iliyoenea kwetu, chumvi inayodhuru ni ile ya kunyunyizia mezani. Iliyochemka pamoja na mboga huhesabiwa kuwa imeiva, haina neno. Moto hauondoi sodiamu hata chembe, na nikimweleza hivyo anaelewa papo hapo. Kisha anauliza swali ambalo sina jibu lake: "Na mkate je, una chumvi kiasi gani?"

Kijana wa bodaboda anakunywa supu na chapati asubuhi, anakula wali maharage kwa mama lishe mchana, na usiku anamaliza na chipsi mayai. Hana sufuria lake mwenyewe. Nimwambie apunguze nini, na apunguzie wapi? Mzee aliyepooza upande mmoja anakula kinachopikwa kwa watu wanane, na mkwe wake hawezi kupika mara mbili kwa mkaa wa bei ya leo.

Kila tarehe 17 Mei, Siku ya Presha Duniani, na kila tarehe 29 Septemba, Siku ya Moyo Duniani, tunasimamisha mahema viwanjani, tunapima watu bure, tunagawa vipeperushi. Ni kazi njema na nitaendelea kuifanya nikiwa na nguvu. Ninachokataa ni kuifanya kazi hiyo kuwa sera nzima ya taifa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 wa magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu la damu. Tatizo la ukubwa huo haliwezi kuachiwa mgonjwa mmoja mmoja na daftari lake.

2. Madhara yake yanajulikana.

Hapa sitakawia, maana wataalamu wenu wanayajua kuliko mimi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe hata gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo kimehesabiwa kila kitu alichokula kutwa nzima. Wastani wa dunia, kwa ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2023, ni gramu 10.8. Sodiamu ikizidi mwilini hushika maji. Damu huongezeka ujazo, mishipa hubeba msukumo mkubwa, figo hutaabika kuitoa. Moyo unaosukuma dhidi ya uzito huo miaka nenda miaka rudi hunenepa ukuta wake, kisha huchoka. Mshipa wa ubongo huziba au hupasuka. Mengi ya haya huenda kimyakimya. Karibu nusu ya wenye presha duniani hawajui kuwa wanayo, na kwetu wapo wanaoijua siku ambayo mdomo umekwenda upande, na hata hapo familia nyingine humzungusha kwa waganga kwanza. Shirika hilo linakadiria kwamba vifo milioni 1.89 kila mwaka duniani vinahusishwa na ulaji wa sodiamu uliopita kiasi.

3. Chumvi imo tayari kabla mpishi hajafungua mfuniko.

Sitaki kuikuza hoja yangu kuliko ukweli. Hatujafika walikofika Uingereza, ambako sehemu kubwa ya chumvi ya watu hutoka kiwandani. Kwetu chumvi nyingi bado hutiwa kwa mkono wa mpishi. Lakini sufuria hilo la nyumbani limebadilika, na limebadilishwa na bidhaa zilizopita chini ya macho ya ofisi zenu.

Tazameni vidonge vya mchuzi. Vinauzwa kimoja kimoja kwenye kila genge na kila duka la mtaani, kwa bei ambayo hata mtoto aliyetumwa anaimudu. Nusu ya uzito wa kidonge cha namna hiyo, na mara nyingi zaidi ya nusu, ni chumvi. Kidonge cha gramu 4 kinaingiza gramu 2 au zaidi kwenye sufuria. Mpishi anatia viwili kwenye maharage, anaonja, halafu anatia na chumvi yenyewe, kwa sababu kwake kidonge ni kiungo, ni ndugu wa bizari na kitunguu saumu. Nani alimwambia vinginevyo? Matangazo yanamwonyesha mama mwenye furaha na familia iliyokusanyika mezani. Hayamwambii kwamba ameshatia chumvi. Kama ningeambiwa nichague bidhaa moja tu ya kuanza nayo, ningechagua hii, kwa kuwa inaingia mijini na vijijini, kwa tajiri na kwa maskini, na inaingia kwenye mboga ambayo zamani ilikuwa na nyanya, nazi na chumvi ya kiasi.

Mkate ni wa pili. Mkate wenye gramu 1.2 za chumvi katika kila gramu 100 si jambo la ajabu katika uokaji. Hicho ndicho kilikuwa kiwango cha mikate ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vipande vinne vya gramu 35 vya mkate kama huo vinampa mlaji gramu 1.7 za chumvi, theluthi ya posho yake ya siku nzima, pamoja na chai ya sukari, na ulimi wake haujasikia chumvi hata kidogo. Hapo ndipo hatari ilipo. Chakula chenye chumvi inayosikika mtu anaweza kukikataa. Wengi wa hao ninaowapima hufungua siku kwa mkate wakiamini wamekula chakula chepesi cha mgonjwa.

Kuna soseji, kuna tambi za pakiti za kuchemsha dakika chache, ambazo siku hizi ni chakula cha jioni cha wanafunzi wa vyuo, kuna kripsi za mifuko midogo zinazouzwa nje ya mageti ya shule za msingi. Kuna magadi pia, ya kulainishia maharage, makande na kisamvu. Hayana ladha ya chumvi, lakini nayo ni sodiamu, na hakuna anayeyahesabu. Ng'onda na papa wa pwani mimi siwaweki kwenye mashtaka haya. Ile ni akiba ya watu wasio na barafu, na bibi zetu walijua kuwaloweka na kumwaga maji kabla ya kuwabandika jikoni.

Sasa chukueni pakiti yoyote iliyo karibu nanyi, mtafute chumvi. Mkiipata, mtaikuta imeandikwa kwa miligramu za sodiamu, kwa herufi ndogo, mara nyingi kwa Kiingereza, na kwa kila gramu 100. Ili kuipata chumvi yenyewe inabidi uzidishe sodiamu kwa 2.5, kisha ukisie pakiti ina gramu ngapi ulizokula. Mama wa kliniki yangu amesoma hadi darasa la saba, anasoma Kiswahili vizuri kabisa, na anafanya hesabu za biashara yake bila kikokotoo. Lebo hiyo haikuandikwa kwa ajili yake. Na mkate wa mtaani uliofungwa kwenye mfuko mweupe wa plastiki mara nyingi hauna hata lebo hiyo.

4. Waliothubutu wamefanikiwa, na mmoja wao ni Mwafrika mwenzetu wa kusini.

Afrika Kusini walitangaza kanuni zao mwaka 2013. Walitaja makundi ya vyakula kwa majina: mkate, nafaka za asubuhi, siagi ya mimea, nyama za kusindika, kripsi, tambi za papo hapo, supu za unga na vidonge vya mchuzi. Wenye viwanda walipewa miaka mitatu. Mwezi Juni 2016 ukomo wa kwanza ukaanza: mkate usizidi miligramu 400 za sodiamu kwa kila gramu 100. Juni 2019 ukashuka hadi miligramu 380. Hizo ni takriban gramu 0.95 za chumvi. Hakukuwa na uhaba wa mkate, na waokaji waliendelea kuoka. Kampuni za vyakula zilizojifunza kutii ukomo Johannesburg haziwezi kutuambia kwamba jambo hilo haliwezekani Dar es Salaam.

Uingereza walikwenda kwa njia ya makubaliano yaliyosimamiwa kwa ukali, na kati ya mwaka 2003 na 2011 ulaji wa chumvi ulishuka kutoka wastani wa gramu 9.5 hadi 8.1 kwa siku. Chumvi ya mkate ilipunguzwa kwa karibu moja ya tano, kidogo kidogo, na wateja waliendelea kununua mkate uleule. Ufini walianza zamani zaidi. Mradi wa Karelia ya Kaskazini ulizinduliwa mwaka 1972, wakati wanaume wa huko walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa moyo wangali na nguvu za kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mfini alikula takriban gramu 12 za chumvi kwa siku. Kufikia mwaka 2002 ilikuwa chini ya gramu 9. Tangu 1993 sheria yao inadai chakula chenye chumvi nyingi kitangaze hivyo kwenye kifungashio. Vifo vya kiharusi na moyo viliporomoka, na ingawa sigara na siagi nazo zilipungua, chumvi ilikuwa na fungu lake.

Kwa nchi kama yetu, inayotia chumvi sufuriani, funzo kubwa limetoka Uchina. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulihusisha vijiji 600 na watu karibu 21,000, wengi wao waliowahi kupata kiharusi. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu badala ya sodiamu. Watu walipika kama walivyozoea. Baada ya karibu miaka 5, viharusi vilikuwa pungufu kwa asilimia 14 katika vijiji hivyo. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu chumvi za aina hiyo, pamoja na tahadhari kwamba wenye ugonjwa wa figo wasizitumie kiholela, kwa kuwa potasiamu ikiwazidi inaweza kuusimamisha moyo.

5. Kuisimamia chumvi mnaweza. Mlishaisimamia.

Wenye umri wangu wanakumbuka shingo zilizovimba rovu, hasa Nyanda za Juu Kusini. Tangu miaka ya 1990 serikali iliamuru chumvi ya kula itiwe madini joto, na amri hiyo ikawafuata wazalishaji kuanzia Uvinza hadi mashamba ya chumvi ya Bagamoyo na Mtwara, wakubwa kwa wadogo. Mwaka 2011 zikaja kanuni za kuongeza virutubishi, na unga wa ngano wa viwandani ukatiwa madini ya chuma na asidi ya foliki. Hakuna mama aliyetakiwa kununua vidonge vya madini joto na kuvisaga mwenyewe jikoni. Kazi ilifanywa pale chumvi inapozalishwa, na nchi nzima ikafaidika, hata yule asiyejua madini joto ni nini.

Najua kuna watakaosema kwamba tukipunguza chumvi, rovu litarudi. Shirika la Afya Duniani limeshalijibu hilo: kazi hizo mbili huenda pamoja. Chumvi ikipungua, kiasi cha madini joto katika kila kilo kinarekebishwa, na viwanda vinaagizwa kutumia chumvi yenye madini hayo. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, ina uzoefu wote unaohitajika kwa hesabu hiyo.

6. Kuhusu hoja ya ladha.

Mwenye kiwanda akipunguza chumvi peke yake, jirani yake asipopunguza, mteja ataona bidhaa yake imepooza na atahama. Mwema ataadhibiwa na soko. Ndiyo maana mimi siamini ahadi za hiari, na ndiyo maana nadai kanuni inayowabana wote siku moja. Ulimi hujizoesha. Chakula kikipunguzwa chumvi taratibu, baada ya wiki chache ladha ya zamani huonekana kali. Wagonjwa wangu waliofaulu wananiambia hivyo wenyewe: wakialikwa harusini, pilau inawachoma.

7. Gharama mtailipa ninyi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Ni hatua kubwa, naiunga mkono kwa moyo wote. Maana yake ni kwamba kila kiharusi, kila moyo uliochoka, kila figo inayohitaji mtu asafishwe damu wiki baada ya wiki, vitaingia katika mfuko wa pamoja. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete inafanya kazi ambayo zamani tulipeleka watu India kuifuata, lakini hata ingejengwa nyingine kama hiyo kila mkoa, haitauwahi mkate wa kila asubuhi. Anayepooza kwa kawaida ndiye anayelipa ada za shule. Anayebaki kumgeuza kitandani ni binti aliyeacha kazi au masomo.

8. Ninayoomba, kwa majina.

(a) TBS itangaze rasimu ya ukomo wa lazima wa sodiamu kwa vidonge na unga wa mchuzi, mkate, soseji na nyama za kusindika, tambi za papo hapo, na kripsi. Muanze na ukomo wa Afrika Kusini kama msingi, mtoe muda usiozidi miaka mitatu, na hatua ya pili ya kushusha zaidi iandikwe humohumo ili isisubiri waziri mwingine. Kwa kuwa viwango vyetu vingi vya vyakula sasa ni vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lipelekeni jambo hili huko pia, lakini msilifanye sababu ya kungoja.

(b) Alama ya onyo mbele ya kifungashio, kwa Kiswahili, maneno mawili makubwa: CHUMVI NYINGI. Chile wanafanya hivyo kwa alama nyeusi tangu mwaka 2016, na mtoto anaisoma.

(c) Serikali ianze na majiko yake. Hospitali, shule za bweni, vyuo, magereza na kambi zinapika kwa fedha ya umma. Ziwekewe kipimo cha chumvi kwa kila mlaji, kwa gramu, na mzabuni apimwe kwacho. Inaniuma kuona mgonjwa aliyelazwa kwa presha akiletewa mchuzi ambao nyumbani ningemkataza.

(d) Chumvi yenye sodiamu pungufu, iliyotiwa madini joto na yenye onyo kwa wagonjwa wa figo, ipewe nafuu ya kodi ili ifike dukani kwa bei inayokaribia ya kawaida. Leo ukiikuta ni katika maduka makubwa ya mjini, kwa bei ya mwenye gari.

(e) Pimeni. Wekeni katika bajeti utafiti wa kitaifa wa sodiamu katika mkojo wa saa 24, urudiwe kila baada ya miaka michache, na matokeo yake yatangazwe, hata yakiwa mabaya.

(f) Tajeni ofisi moja itakayowajibika kwa haya yote, na ofisa wake aeleweke.

Kwa ndugu zetu wa Zanzibar, ambako afya si jambo la Muungano na viwango vina shirika lake, naomba barua hii ifike na kusomwa vilevile. Mkate na vidonge vya mchuzi havibaki upande mmoja wa bahari.

Waheshimiwa, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliahidi mwaka 2013 kupunguza ulaji wa sodiamu kwa asilimia 30 ifikapo 2025. Mwaka huo umeshafika, na mimi bado naandika punguza chumvi kwa kalamu. Naomba majibu yenu yawe ya hadharani kama ilivyo barua hii, na yatolewe kabla mawaziri wawili hamjasimama Dodoma kusoma makadirio ya wizara zenu katika Bunge la Bajeti. Katika hotuba hizo naomba nisikie orodha ya vyakula vya kuanzia, tarehe ya ukomo wa kwanza, na jina la ofisi itakayoubeba mzigo huu. Mkihitaji wauguzi waje kutoa maelezo mbele ya kamati ya viwango, tuiteni. Tutafika kwa nauli zetu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi wa kliniki ya presha